Kumvusha Barabara

Ofisini walimwita Bi Nukta, naye hakuona tusi. Miaka ishirini na sita alikuwa msomaji prufu wa riwaya za vijana, chumba cha mwisho kwenye korido, dirisha likitazama ukuta. Kazi yake ilikuwa kuwinda makosa ya herufi. Makosa ya roho hakuna aliyemtuma, ila mtu akikaa na kalamu nyekundu muda mrefu huanza kuyaona hayo pia.

Mwanzo alikwenda kwa hadhari. Kijana wa riwayani akitoroka bila kuaga, Bi Nukta alimrudisha amuage mama yake. Mwizi wa mtihani alipewa dhamiri, maneno sita tu. Mhariri mkuu alikuwa akisema kwamba mahubiri yana mahali pake, na mahali penyewe si pale. Kwa hiyo Bi Nukta hakumtaja Mungu hata mara moja. Alimpitisha mlango wa nyuma, amevaa kiraia.

Hakuna aliyegundua. Waandishi hawasomi vitabu vyao vikishachapwa. Wanasoma sifa zake.

Kisha ikaja riwaya ya binti anayepigwa na baba yake. Ukurasa wa mwisho, binti anasimama ng'ambo ya barabara, anaitazama nyumba yao, anasema moyoni, "Nimekusamehe, baba," halafu anapanda basi na kwenda zake. Bi Nukta aliusoma mara tatu. Ulimkera kama mkato uliopotea njia. Msamaha gani huo wa kupungiana mikono? Akalifuta basi. Akaandika mistari minne: binti anavuka, anabisha mara tatu, baba anafungua, analia, anamkumbatia. Kitabu kikatoka, kikapendwa, shule zikakichukua kwa maboksi.

Jumamosi moja mchana, ofisi ikikaribia kufungwa, dada wa mapokezi alimletea barua.

"Bi Nukta, umepata mchumba. Imeandikwa 'Kwa wote waliotengeneza kitabu.' Wote hao leo ni wewe, wengine wameshaondoka."

"Mchumba wangu ni hii miwani, mwanangu. Lete."

Ilitoka kwa msichana wa miaka kumi na mitano. Haikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomtisha kwanza. "Naishi kwa shangazi tangu baba aliponivunja mkono. Nilidhani nimemsamehe, lakini kitabu chenu kimenionyesha kwamba bado sijavuka. Jumamosi hii nitakwenda. Shangazi sitamwambia, atanizuia." Chini aliweka namba ya simu ya shangazi, wakitaka kujua ilivyokuwa, na sahihi: "Msomaji wenu."

Bi Nukta akapiga.

"Binti yangu katoka, hata saa moja haijapita," shangazi akasema. "Kasema anakwenda kwaya. Kwani wewe nani, mwenzangu?"

Lilikuwa swali jepesi. Bi Nukta akalikwepa. "Baba yake anakaa wapi?"

"Mama, habari za huyo mtu unaniulizia nini?"

"Kuna kitabu kimemwambia arudi."

"Kitabu? Kitabu kinamjua yule?"

"Nielekeze, dada yangu. Lawama utanipa nikishafika."

"Nyumba ya bati la kijani, mkabala na tangi la maji, barabara ya malori. Natoka sasa hivi, ila mimi niko mbali. Wahi wewe."

Alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani mwake, miwani mkononi. Akashukia penye tangi. Ng'ambo, mbele ya bati la kijani, msichana wa gauni la bluu, kitabu kwapani, alikuwa ameinua mkono. Alibisha mara tatu, kama ilivyoandikwa. Bi Nukta alifungua kinywa amwite, akakumbuka hajui jina lake.

Mlango ukafunguka. Baba hakulia. Alimtazama binti, akatazama barabara kulia na kushoto, taratibu, kama mtu anayetaka kuvuka. Kisha akasogea pembeni kumpisha.

Mlango ukafungwa.

Malori yalikuwa yamefuatana kama siafu. Bi Nukta alingoja nafasi, nafasi haikuja, akavuka hivyo hivyo huku honi zikimtukana. Akabisha. Mara tatu, halafu akaacha kuhesabu.

Kwa ndani akasikia komeo likiingia mahali pake.