Maji ya Wageni

Wiki ya kwanza nilipoingia melini, mama aliniuliza kwenye simu, "Mnakunywa nini huko, na bahari yote ni chumvi?" Nikamwambia sijui. Nilidhani maji yanapakiwa bandarini kama mchele na viazi, yakiisha meli inarudi kuchukua mengine.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nyumbani Nduruma nilikuwa nimemwacha mama na binti yangu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye baba yake alikwishaondoka kabla hajaanza kutambaa. Nilisomea hoteli pale mjini Arusha, nikafanya kazi miaka mitatu kwenye loji moja ya Usa River, nikihudumia watalii wanaosubiri kwenda mbugani. Wakala wa ajira za melini alipokuja kufanya usaili, nilijibu maswali yake yote nikitabasamu kwa midomo iliyofungwa, kama fundi cherehani aliyebana pini mdomoni. Nilikuwa nimejizoeza hivyo tangu shule ya msingi.

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru, wengi wetu meno ni ya kahawia. Ukifika Dar es Salaam ukafungua mdomo, mtu anakwambia, "Wewe wa Arusha," kabla hujasema unatoka wapi. Ni maji. Yanashuka kutoka mlimani yakiwa safi, hayana harufu, ukiyaweka kwenye glasi yanang'aa, na ndani yake mna floraidi nyingi kuliko mwili unavyoweza kuvumilia. Mtoto akiyanywa, meno yake ya ukubwani yanaharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, hayajaota. Ukiyanywa miaka mingi yanaingia mpaka kwenye mifupa. Mama yangu shingo yake haigeuki. Ukimwita kutoka nyuma, anageuza mwili mzima.

Melini walinipangia ukumbi mkubwa wa chakula. Nilikaa pale siku kumi na moja. Siku ya kumi, mama mmoja abiria, mtu mzima, mpole, aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanzania, chini ya mlima, si mbali na Kilimanjaro. Akainua chupa ya maji aliyokuwa ameinunua, yenye picha ya mlima wenye theluji.

"Basi kwenu mnakunywa maji kama haya bure," alisema. "Mna bahati kweli!"

Nikacheka. Lilinitoka cheko la wazi, la kijinga, mdomo wote ukafunguka. Aliona meno yangu, akainamisha macho kwenye sahani yake, na hakunisemesha tena mpaka alipomaliza kula.

Kesho yake msimamizi wa ukumbi aliniita pembeni.

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Unapiga mswaki?"

Nikamweleza habari za maji ya kwetu. Alinisikiliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenitukana.

"Sikulaumu," alisema. "Lakini hapa watu wanakula."

Wakanihamishia chini, kwenye stoo ya vinywaji, ambako hakuna dirisha wala abiria.

Huko ndiko nilikojua soda ya melini inatoka wapi. Juu, kwenye baa, abiria anaona glasi, barafu na kipande cha ndimu. Chini kwangu palikuwa na rafu za maboksi ya karatasi ngumu, na ndani ya kila boksi mfuko wa plastiki uliojaa sharubati nzito nyeusi, au ya chungwa, au ya tangawizi. Nilichomeka mrija kwenye mfuko, mrija ukapanda ghorofa baada ya ghorofa mpaka kwenye bomba la baa, na pale ndipo sharubati ilipokutana na gesi na maji baridi. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha mifuko, kubadilisha mitungi ya gesi na kuosha mirija. Vidole vyangu vilinata kuanzia asubuhi mpaka nilipoingia kulala.

Na maji yenyewe? Hilo nilijibiwa na fundi wa maji, Mfilipino wa makamo aliyekuwa akija kupima klorini kwenye mabomba yangu. Siku moja nilimuuliza kama mama alivyoniuliza. Akacheka, akanionyesha kwa kidole ukuta wa chuma, maana yake huko nje.

"Tunakunywa hiyo," alisema.

Akanipeleka kuona. Mtambo mmoja ulichemsha maji ya bahari kwa joto la injini, mvuke ukapozwa ukawa maji, chumvi ikabaki. Mwingine uliyasukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia ngozi nyembamba zenye matundu madogo mno hata chumvi haipiti. Yanayotoka hayana ladha yoyote, yamekufa, kwa hiyo wanayarudishia madini kidogo, wanatia klorini, wanayapima, ndipo yanaruhusiwa kupanda juu. Karibu na bandari, ambako bahari ni chafu, mitambo hiyo inazimwa. Wakihitaji zaidi wanachukua ya nchi kavu kwa mpira, nayo hayaguswi mpaka vipimo vitoke.

Nilimuuliza, "Na floraidi, hiyo mashine inaitoa?"

"Ikitoa chumvi ya bahari itashindwa na hiyo?"

Akanitazama mdomoni, akaelewa, akaanza kueleza habari za pampu kwa haraka, ili asiendelee kunitazama.

Nilirudi stoo nikakaa juu ya boksi la sharubati. Juu yangu maelfu ya watu walikuwa wanaoga, wanaogelea, wanamwaga glasi za barafu zilizojaa nusu, na maji yote hayo yalikuwa bahari iliyosafishwa kwa ajili ya likizo yao. Kwetu mlima umesimama pale pale, mto unapita nyuma ya kanisa, na kuna jirani yetu aliyezaa watoto watatu, wote wana matege. Sijawahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia abiria wale siku ile, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyenikosea.

Siku hiyo niliapa binti yangu hatakunywa maji ya bomba la Nduruma. Kila mwezi nilituma hela ya katoni za maji ya chupa. Nilimpigia mama kutoka bandarini, mtandao unakatika, nyuma yangu wenzangu wamepanga foleni kwenye simu.

"Mama, hayo maji ni ya mtoto. Ya kunywa."

"Nimekusikia, mwanangu."

Sikusema zaidi, na sababu ninaijua. Kusema "asije akaota meno kama yangu" kungekuwa sawa na kumwambia mama kwamba alininywesha sumu miaka yote ile. Nilishindwa. Nikaona maneno machache yanatosha.

Nilipokuja likizo nilimnywesha mwenyewe, chupa mkononi, naye alikuwa na meno ya utoto meupe kabisa. Nikajidanganya kwamba nimeshinda. Halafu mkataba ukaungana na mkataba. Likizo moja niliikosa, ya pili nikaiuza ili nimalizie nyumba ya mama. Niliporudi binti alikuwa na miaka minane.

Alikuja mbio mpaka getini, akainamisha kichwa, "Shikamoo mama," kisha akainua uso akacheka. Meno yake mawili ya mbele, makubwa, mapya, yalikuwa na mistari ya kahawia.

Sikumkumbatia mara moja. Hilo analikumbuka mpaka leo, ameniambia.

Niliingia sebuleni. Kwenye kabati la vyombo, chini ya kitambaa alichodarizi mama kwa mkono wake, chupa zilikuwa zimepangwa safu kama askari. Stoo kulikuwa na katoni zimebebana mpaka dirishani.

"Mama, haya maji ni ya nani?"

"Si uliyatuma wewe? Ni ya wageni. Mchungaji akija, wazee wa kanisa wakija, wanajua nyumba hii ina mtoto aliye melini."

"Nilisema ni ya mtoto."

"Na anakunywa! Sikukuu anakunywa. Sasa mtoto mdogo atakunywa maji ya chupa kila siku kama waziri? Watu wangesemaje?"

"Angalia meno yake, mama."

Aligeuza mwili mzima kumtazama mjukuu wake, kisha akanigeukia mimi, taratibu, kwa maumivu.

"Ni meno ya kwetu hayo. Hata wewe unayo. Kwani yalikuzuia kwenda Ulaya?"

Nilibeba zile chupa uani. Nikafungua moja baada ya nyingine na kuzimwaga kwenye shina la mgomba. Sijui nilikuwa nataka nini. Mama alisimama mlangoni. Binti yangu akakimbia kuleta ndoo, akaitega chini ya mikono yangu, analia, "Mama, unamwaga maji ya wageni! Bibi atawapa nini?" Nikaendelea kumwaga, mengine yakaingia ndooni, mengine yakamlowesha viatu.

Usiku ule hatukula pamoja. Asubuhi nilikaa na mama jikoni, nikamweleza yote niliyopaswa kumweleza miaka sita nyuma: maji, mifupa, shingo yake. Alisikiliza akichambua maharage. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Akachukua sinia lake akatoka nje.

Sikurudi melini. Wakala alipiga simu mara mbili akanyamaza. Sasa niko jikoni kwenye loji nyingine ya Usa River. Nimefunga mifereji kwenye bati na tanki la maji ya mvua, na hayo ndiyo tunayokunywa mimi na binti. Mama hayataki. Anasema hayana ladha. Anaendelea na ya bomba, makande yake anayapika kwa maji hayo hayo na magadi juu yake, ambayo nayo yana floraidi, na mgongo unazidi kukaza. Daktari wa meno mjini amesema meno ya mtoto yanaweza kufunikwa akishakua. Mpaka hapo ni kusubiri.

Juzi binti alikuwa anafanya kazi ya shule mezani, somo la sayansi, vyanzo vya maji. Aliandika mvua, mito, chemchemi, bahari. Akaweka kalamu chini.

"Mama, ulijua maji yetu ni mabaya?"

"Nilijua."

"Na bibi?"

"Bibi alikuwa hajui."

Alifikiri kidogo. "Basi kosa ni lako," alisema, bila hasira, kama anayesahihisha hesabu, akafungua ukurasa unaofuata.