Flash ya Daktari

Mtaani walimwita Daktari, na jina lilimkaa, maana hakuna kompyuta iliyowahi kumshinda. Kwa kujisifu nako hakuwa na mpinzani. Dawa zake zote zilikaa kwenye flash moja aliyoivaa shingoni kwa kamba.

Laptop ya ofisi ya shule ilimwita mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mafaili yalikuwa yakitoweka, matangazo yakifunguka yenyewe. Mara ya tatu akakuta programu ya kijasusi, ile inayonakili kila herufi unayochapa, hata nywila. Mwalimu mkuu akamwuliza, walimu wote wakisikia, uchafu huo unatoka wapi.

"Hauji wenyewe, mkuu," akajibu Daktari. "Kuna mtu anafungua picha zisizoangalika."

Walimu wakacheka. Mtumiaji wa mashine ile alikuwa mmoja tu: karani, mama mwenye wajukuu. Mama wa watu akainamisha kichwa, akaendelea kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Daktari naye alicheka, na hicho kicheko ndicho kilichokuja kumchoma kuliko yote.

Wiki iliyofuata aliitwa duka la dawa kuandaa laptop mpya, plastiki bado iko kwenye kioo, mtandao haijauonja. Akazima kinga ya virusi, kama ilivyo desturi yake, kwa kuwa kinga ilizoea kumfutia programu zake za wizi, zile zisizolipiwa. Akachomeka flash. Kabla hajagusa kitu, mafaili machache yaliyokuja na mashine yakaanza kutoweka moja moja, vilevile kama ya shule. Akaiwasha kinga haraka. Ikamtajia jasusi yuleyule, na mahali alipotoka: kwenye flash.

Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa akigawa ugonjwa nyumba kwa nyumba na kulipwa juu yake. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Angeweza kuisafisha flash akanyamaza, nani angejua? Siku mbili aliivua flash shingoni na kuivaa tena.

Siku ya tatu akaenda kwa mwalimu mkuu, akaeleza yote. Mkuu akamsikiliza, kisha akavuta droo.

"Mbona karani mwenyewe ameshakiri?"

Ilikuwa barua ya mkono, mwandiko safi: *Ninaomba radhi kwa kufungua picha chafu kwenye mashine ya shule. Sitarudia.*

Karani akaitwa. Daktari hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, kwa nini ulikubali kosa lisilo lako?"

"Wewe ndiye uliyesema, mwanangu," akajibu. "Mambo haya unayajua wewe. Nikadhani huenda nilibonyeza mahali bila kujua. Hata kwa wanangu sijaweza kusema."

Daktari akaahidi kwamba kesho atawaeleza walimu wote.

"Kesho ya nini? Wako hapo sasa hivi," akasema mama, akamfungulia mlango.

Akasimama mbele yao. Sauti ilitoka ndogo, na mwalimu mmoja wa nyuma akamwomba arudie. Akarudia.