Mkaa Kulia, Ndimu Kushoto

Wifi mtarajiwa alisema mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti: "Uso anao. Lakini meno haya, mh! Yana ukoko." Kaka yake alikuwa na duka Muheza na ndevu zenye mvi, na mama alikwisha kunitoa shule kwa ajili yake. Wakakubaliana waje tena kunitazama kinywa baada ya Maulidi. Wakiridhika, ndoa, wasiporidhika, yaishe. Nikafungiwa chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Mabawa, na kinywa changu kikakabidhiwa kwa shangazi.

Shangazi hakuwa mtu wa kubahatisha. Alichoma vifuu vya nazi, akatwanga mkaa wake, akauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu. Upande wa kulia alinisugua kwa mkaa huo. Wa kushoto kwa magadi na ndimu. "Tuone upi utatangulia," akasema. Kila asubuhi alinivuta dirishani, akanipanua midomo kwa vidole vyake vyenye harufu ya kitunguu, akalinganisha. Mlango alikuwa akiufunga kwa komeo la nje, hata akienda kuchota maji tu.

Nami nililinganisha, kwa kipande cha kioo nilichokificha chini ya mkeka, ila dua zetu zilipishana. Mimi niliomba manjano yabaki, yakolee kama bizari. Nilitaka kurudi shule, basi. Ndimu iliponitia ganzi hadi nikashindwa kunywa maji ya mtungi, nilifurahi, nikadhani dawa inaumiza tu, haisafishi. Wapi! Ukoko ulianza kubanduka, kulia kwanza, kushoto ukafuata shingo upande. Nililia kwa hasira. Meno yangu mwenyewe yalikuwa yamehamia upande wa shangazi.

Nikabakiwa na hila moja, kufumba mdomo.

Aliyeijua hila hiyo ni bibi yangu tu, mzaa mama, ambaye tulilala naye chumba kimoja. Hakuwa na jino hata moja. Tulitaniana kama ilivyo ada ya bibi na mjukuu: aliniita "mke mwenzangu", nikamwambia babu ananipenda mimi zaidi. Bila yeye ningepasuka mle ndani. "Kaza hivyo hivyo, mke mwenzangu," aliniambia. "Hawawezi kukutoboa."

Maulidi yalipopita, walikuja baada ya alasiri, wanawake watano na udi wao. Nikakalishwa mkekani, kanga ikafunuliwa. "Tabasamu, mwanangu," wifi akasema. Nikakaza. Mama akanifinya mgongoni. Nikakaza zaidi, taya likauma. Wakaanza kutazamana, na mmoja akavuta viatu vyake kwa mguu. Moyoni nikaona komeo likifunguka.

Ndipo shangazi alipokuja na vidole vyake. Bibi akaruka kutoka pembeni, akasimama kati yetu, mikono kiunoni.

"Mwacheni mtoto! Mnataka kinywa kisicho na ukoko? Nichukueni mimi!" Akapanua mdomo, akawazungushia ufizi wake mtupu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayenadi samaki. "Tazameni! Hapa kuna cha kuchafuka?"

Alikuwa akinitetea. Hilo sikuwahi kulitilia shaka.

Nami nikacheka. Nilicheka kwa kinywa kizima, kulia na kushoto, na wifi akapiga kigelegele kabla sijaufumba mdomo.