Siku Nilipoanguka Toka Kwenye Mizani

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Kasuku, mjini Kindu, wanaisimulia vibaya, wameniongezea hata machozi ambayo sikuyatoa. Walisema sitaweza kumfikisha yaya Ramazani hospitalini akiwa mzima. Huyo ni kaka yangu mkubwa (ndiyo maana ya yaya kwetu), anaamini hospitali ni ya wagonjwa tu, na baba yetu aliamini hivyo hivyo mpaka asubuhi ile alipoanguka akinawa uso, asiamke tena. Mimi niliyetoka Kindu mikono mitupu nikarudi na diploma ya umeme (imetundikwa sebuleni, anayebisha aje), nishindwe na ndugu mmoja?

Nikamwambia yaya mbele ya watu: mimi nitapimwa kwanza, ukiona nimetoka salama utafuata. Akakubali.

Muuguzi wa hospitali alikuwa amenieleza vizuri kwamba kila mwaka, hata kama huumwi, upimwe uzito, tansio (yaani presha ya damu), sukari, mkojo, macho, meno, na sisi wanaume tuliokwisha kuota mvi tumwulize daktari habari za tezi dume. Kwa ajili ya damu, usile kuanzia usiku. Maji unywe.

Usiku mmoja tu? Mimi niliyekimbia vita kwa miguu hadi Pangi, siku nne msituni, tumboni majani matupu? Nikaamua kufunga tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, maji nayo nikayakataa ili damu iwe safi zaidi, na kila niliyekutana naye nikamtangazia.

"Wakati wa vita ulikuwa kijana," yaya alinicheka. "Sasa uko na tumbo ya mukubwa!"

Kesho yake tukaenda kwa miguu (pikipiki nilizikataa, niwaonyeshe), tukiwa na majirani wawili. Nikapewa kichupa cha mkojo, nikajifungia chooni, hakuna hata tone, na foleni inagonga mlango: "Papa Diploma, unachimba kisima?" Nikatoka kwa hasira, nikapanda mizani pale barazani, kifua mbele, nikauona mshale unacheza, kisha nikaona mabati ya paa.

Niliangukia beseni la Mama Zaina, anayeuza mikate ya kukaanga pale barazani. Nilipofumbua macho nilikuwa na sukari kwenye ndevu, mtu anapiga kelele "Amekufa!", na yaya yuko juu ya pikipiki tayari.

"Njo vile nilisema!" alipaza sauti. "Muntu anaingia muzima, anatoka amelala!"

Majirani wakamfuata.

"Papa, nani alikukataza maji?" muuguzi akauliza.

Nikakosa wa kumsingizia.

Jioni nilikwenda kwa yaya bila majigambo. "Hospitali haikunifanya kitu, yaya. Ni mimi mwenyewe. Lakini siku ya tatu kule msituni miguu ilinikatalia, ukatupa mzigo wako ukanibeba mgongoni mpaka Pangi. Ulikuwa na njaa kama mimi. Basi niache na mimi nikufikishe mahali."

Yaya akauliza: "Maji utakunywa?"

"Nitakunywa."

"Mbele yangu."

Wiki ile ile tukarudi. Nilikunywa vikombe viwili mbele yake, na nilipotoka chooni na kichupa kimejaa, foleni ilinipigia makofi (nikainama kidogo, kwa nini nisiiname?). Kwangu walikuta uzito tu umezidi. Kwa yaya muuguzi alipima tansio mara moja, akapima tena, akabadilisha mkono, kisha akamwita daktari. Ilikuwa juu sana, na yeye hakuwa anasikia maumivu hata kidogo. Alirudi nyumbani na vidonge vya kila asubuhi, na bado anavimeza.

Mama Zaina nilimlipa beseni zima siku hiyo hiyo. Na nimeapa: kila mwaka nitapimwa, nitafunga usiku mmoja tu kama walivyosema, na habari za Pangi sitazipeleka tena kwenye mizani.

Siku ile ya vipimo, tukiwa getini mwa hospitali, yaya alisimama, bahasha ya vidonge mkononi.

"Mudogo yangu," akasema, "ile mugongo ya Pangi, leo umeilipa."