Dawa Isiyoonjwa

Watu wa Kabambare wakikuambia ati bwana yangu Placide alimuua mama yake muzazi, uwatume kwangu, mimi Ernestine, niwaonyeshe mulango. Hakumuua. Lakini sitakudanganya pia kwamba hana lawama. Keti, nikuelezee vile ilivyokuwa.

Zamani ya Wabelgiji, Placide alikuwa mugawa dawa wa dispanseri yetu. Kazi alifundishwa Kasongo na masista, kabla ya vita ya Hitileri, angali kijana: kusaga, kupima kwa mizani, kukoroga, kufunga unga ndani ya karatasi. Wakati ule dawa zilikuwa chache, zaidi kinini cha maji, kile cha malaria, kichungu cha kukutoa machozi. Vita ikaisha, zikaja dawa mpya, penisilini na wenzake, na Placide akabaki na masomo yake ya zamani. Infirmié vijana, wale wauguzi wapya, walimuita Muzee Kinini. Alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka.

Kitu kimoja tu alikitaka: kusoma farmasi kwa kweli, ajue ndani ya chupa iko nini na kwa nini inaponyesha. Tangu mwanzo wa ndoa yetu aliniimbia wimbo huo huo. Nilimuambia, “Baba Régina, wenzako wote wanatamani baiskeli, wewe unatamani kalasi?” Akaendelea kutamani.

Basi ikasikika kwamba kule Stanleyville wamefungua kalasi ya wasaidizi wa farmasi. Placide aliomba nafasi. Wakajibu ati umri wake umepita, na masomo yake yameharibika kama dawa iliyokaa sana juu ya rafu. Ee Mungu, maneno gani hayo kwa mutu aliyetumika tangu ujana wake! Lakini wakaongeza: kwa kuwa ametumika siku nyingi, dokteri wa Serikali atamupima Kasongo, kisha atasema kama anafaa ao hafai.

Nyumba yetu ikageuka kalasi. Régina, mutoto wetu wa kike aliyekuwa akisoma kwa masista, ndiye alikuwa mwalimu. Mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, wao wako pembeni yangu na hesabu zao. “Papa, hapana hivyo! Nimekuambia jana!” Na baba yake, mutu muzima mwenye mvi, anasema, “Nisamehe, mwalimu.” Nilicheka mupaka muchi ukaniponyoka. Sasa nikikumbuka napenda kulia, kwa sababu sikumuona tena na furaha ya namna ile.

Sasa nikuambie jambo ambalo mugeni hajui. Kwetu, kinywaji hakitoki mukononi mwa mutu kikaenda kwa mwenzake kabla yeye mwenyewe hajakionja. Pombe, maji, chai, vyote. Wazee wetu waliona sumu nyingi, na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kusema: roho yangu ni safi juu yako. Ukimupa mutu kikombe bila kuonja, umemutukana mbele ya watu. Placide alifanya hivyo na dawa. Kila mugonjwa aliyefika kwenye dirisha lake, Placide alitia tone kidogo kwenye kijiko chake, akaonja, akakunja uso, ndipo akamupa. Watu walikunywa bila maneno. Hata wale wa ndani kabisa ya pori, waliokimbia sindano, kwa Placide walikunywa.

Alienda Kasongo na shati nililomupigia pasi mara mbili. Dokteri alimuuliza maneno ya dawa mpya, akajibu kwa shida lakini akajibu. Hesabu zikapita. Mwisho akaambiwa atengeneze kinini cha maji, kazi aliyoijua kuliko mukono wake. Akatengeneza vizuri. Akachukua kikombe amupe dokteri. Na kabla ya kumupa, akaonja.

Aka! Dokteri alipiga meza. Ati uchafu gani huu, ati dawa ya mugonjwa haiingii kinywani mwa mugawaji, ati siku moja utajiua na utaua wengine. Placide akajaribu kueleza. Dokteri akamusikiliza, maana hakuwa mutu mubaya, nasema kweli. Akamuambia: “Kichwa chako kinaweza. Ila nasikia muzee haachi alichozoea. Mimi napita Kabambare mara kwa mara. Nitakuangalia. Ukiacha kuonja, nitakuandikia nafasi.”

Alirudi na maneno hayo, akaacha kuonja siku ile ile.

Watu wakaanza kunung'unika. Mwanamuke mumoja alisimama kwenye dirisha, kikombe mukononi, anamungojea. Placide akamuelezea habari ya vidudu vya kinywani. Mwanamuke akamwaga dawa chini, akaenda zake. Wengine walikunywa kwa kununa, wengine wakaacha kuja. Nilimuambia, “Baba Régina, onja tu wakati muzungu hayuko, nani atajua?” Akanijibu kwa hasira ati mutu anayeacha jambo kwa kuangaliwa hajaacha. Hapo alikuwa na haki, na haki yake iliniudhi sana.

Kiangazi kilipokaribia, mama yake, Mama Faida, akashikwa na homa ya mapafu. Tukamubeba mupaka dispanseri. Sindano za penisilini zilikuwa zimekwisha; kulikuwa na vidonge vyake tu, na koo lake halikuweza kumeza kidonge kizima. Placide akavisaga, akavikoroga na maji. Na siku ile dokteri alikuwa amefika. Alisimama pale pale kwenye miguu ya kitanda.

Placide akamusogezea mama yake kikombe. Mama Faida akamuangalia mudomo. Wanawake wa vitanda vingine wote wakageuka kutazama.

“Kunywa, Mama.”

“Wewe kwanza.”

Placide akamutupia dokteri jicho. Mimi nilikuwa nyuma yake, namuomba ndani ya roho: onja, onja, ewe mwanaume, farmasi ni nini?

“Mama, kunywa tu. Mimi si mutoto wako?”

“Ni mutoto wangu. Ndiyo sababu nangojea.”

Hakuonja. Mama Faida akafunga mudomo, akageukia ukuta. Usifikiri ati aliogopa sumu ya mutoto wake, hapana, hakuwa mujinga. Ilikuwa aibu. Mutoto aliyemuzaa alimupa kikombe mbele ya watu kama vile mutu anavyomupa adui yake. Akaomba tumurudishe nyumbani, na tukamurudisha.

Dokteri alipoondoka, Placide alikuja mbio na kikombe kingine. Akapiga magoti mbele ya mukeka, akakunywa karibu nusu yake, machozi yanaanguka ndani.

Mama Faida akasema polepole, “Sasa unakunywa kwa sababu muzungu ameenda. Mbele yake, mimi nilikuwa nani?”

Nilijaribu mimi pia, nikaonja, nikamubembeleza. Akanishika mukono, akasema, “Aksanti, mukwe wangu. Hakuna ubaya juu yako.” Lakini hakukunywa. Juma halikuisha, tukamuzika.

Kwenye kilio Placide alikaa kama mutu aliyepigwa kichwani. Dada zake hawakumupa mukono. Dirisha la dispanseri lilifungwa, na sikumuona tena akifungua kitabu.

Kiangazi kikafika, na dokteri naye akafika, mupaka kwenye kiwanja chetu, uso unacheka. Akamushika Placide mukono mbele ya majirani. Amekubaliwa! Wale wakubwa wa kalasi walikuwa wangali na mashaka juu ya umri wake, dokteri akasema, lakini yeye amewamaliza kwa neno moja. “Nimewaandikia hivi: mutu huyu anaweza kufundishwa, kwa maana hata mama yake muzazi hakumuonjea.”

Alifikiri anamupa sifa, masikini; hakuna aliyemuambia kwamba yule mama tulimuzika. Majirani wakaanza kuondoka mumoja mumoja. Mimi nikaingia nyumbani kwa kuogopa ulimi wangu.

Dokteri alipokwenda, nilimuambia Placide, “Hautaenda. Ukienda, umekubali mama yako awe bei ya kalasi.”

Akasema, “Mama Régina, nisipoenda, mama alikufa kwa sababu ya nini?”

Nikachukua lile shati lake, nikalipiga pasi.

Akapanda kamio, lori ya kwenda Stanleyville, akaenda. Alisoma pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa, akamaliza, wakamupa kazi kwenye lopitali kubwa kule kule. Franga alituma, salamu alituma. Kabambare hakukanyaga tena, na mimi sikumufuata. Kaburi la mama yake tunalipalilia mimi na Régina.