Arzihali ya Dada Mwende

Harufu ya wino wa muhuri siivumilii mpaka leo. Juzi tulipokwenda kutia upya ikama, kibali chetu cha kuishi Saudia, nilitoka nje, Mama akadhani ni joto. Wenzangu, ngojeni niseme, maana sijamwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, tukikaa Malaz, Riyadh. Ghorofa ya juu yetu alifanya kazi Dada Mwende, Mkenya, aliyenisuka nywele kila Ijumaa na kunitania: "We mtoto, sauti uliisahau Mombasa?" Siku moja bangili ya dhahabu ya madam wake ikapotea. Mwende akafungwa.

Babu yangu, tuliyekaa naye, alikuwa karani wa jela Mombasa, enzi za Mwingereza, akiwaandikia wafungwa arzihali, barua za kuomba msamaha, kwa Gavana. Aliposikia wafungwa husamehewa Ramadhani, akanikalisha mezani niandike ya Mwende, kwa kuwa Kiarabu changu cha shule kilikuwa safi. Kando akaweka kidau cha wino wa muhuri, Mama aende nacho jela Mwende atie kidole gumba. Ndivyo walivyofanya wafungwa wake.

Mwende akapiga simu kutoka jela, Babu akamweleza barua itasema nini. "Mzee, mimi sijaiba. Nitasema nimeiba aje?"

"Mwanangu, wataka kubishana ama wataka kutoka? Gavana hakuwa akimsamehe asiyekosa. Amsamehe nini?"

Mwende akasema: "Haya, andikeni tu."

Nami nilijua. Hanan, binti wa madam, aliivaa bangili ile shuleni ikampotea, akaniapisha ngazini nisiseme. Alikuwa rafiki yangu wa pekee. Kalamu mkononi, Babu ubavuni, nikaandika kwa hati nzuri: nimeiba, nimetubu, naomba huruma. Babu akausifu mwandiko.

Jina la Mwende likatoka kwenye orodha ya waliosamehewa. Akapelekwa Jeddah kungoja ndege ya kurudishwa kwao, na huko akapiga simu, akaomba kuzungumza nami.

"Barua yako imenitoa, mrembo. Mungu akubariki." Halafu, chinichini: "Ila mamangu ameambiwa nilikubali. Ananiuliza bangili niliiuza wapi."

Nilikuwa mtoto, nilidhani aliyetoka jela ametoka. Sasa nina kumi na saba, na ninaelewa kwamba Babu aliomba huruma kwa kuwa hakuona mlango mwingine. Mimi niliuona. Neno moja tu sikioni mwa Babu, na Mwende asingehitaji msamaha wa mtu. Badala yake aliniombea dua kwenye simu, nami nikaitikia amin.