Mama Mkwe Dirishani

Wasomaji, bado nina haya. Juzi nilimpeleka mwanangu, anayesoma chuo cha ufundi, kwenye karakana moja hapa Nakuru aombe kujifunza kazi wakati wa likizo. Vijana walikuwa wamejaa dirishani. Karani aliwajibu wote bila kuinua kichwa: "Nafasi zimekwisha."

Ndipo akaingia mama mmoja amejitanda leso, kijana wake nyuma. Hakupanga foleni. Alisimama kando ya dirisha, akageuza uso ukutani. Karani aliruka kitini, macho chini.

"Ni mama mkwe wake," mzee mmoja akaninong'oneza. "Kwao hata kumtazama usoni ni mwiko. Sasa atamkatalia vipi?"

Karani akamwambia yule kijana, macho bado sakafuni, "Shemeji, njoo kesho asubuhi."

Mwanangu akauliza, "Na mimi, bwana?"

"Nimesema zimekwisha!"

Nilitoka nikiwaka, nikimlaani karani na upendeleo wake mpaka barabarani. Hapo nikamuuliza mwanangu, "Yule binamu yako wa Keringet, aliolewa na karani wa ofisi gani vile?"

 Mwanangu alitazama chini, kama yule karani.